Mama Mchoraji na Simu Zilizokufa

Mara ya kwanza alipokuja kibandani kwangu hakuwa na simu ya kutengeneza. Alisimama mbele ya meza akiwa na mfuko mtupu mkononi, akachungulia boksi ninamotupa simu zisizopona tena, kisha akauliza kwa upole kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa:

"Fundi, hizi zilikufa kabisa?"

"Zimekufa, mama. Hizo hata spea hazitoi."

"Basi unipatie. Miye niko na kazi nazo."

Siku hizo ulikuwepo uvumi mjini kwamba ndani ya simu mna dhahabu, na watu walikuwa wakizipasua kwa mawe nyuma ya soko. Nikamwambia asijisumbue, dhahabu hamna. Akacheka mpaka akaishika meza yangu.

"Dhahabu nitafanyia nini? Natafuta magamba ya samaki."

Nikammiminia boksi lote mfukoni. Akaondoka akiniombea baraka, nami nikabaki nikidhani nimeongea na mtu aliyechanganyikiwa kidogo.

Rumonge nzima, mji wetu huku Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, walimwita Mama Mchoraji, nami sitamwita vingine. Habari za ukoo wake na mahali alikozaliwa wapo wanaozijua vizuri kuliko mimi, na wengi wao wanapenda sana kuzisimulia, kwa hiyo nawaachia. Mimi namjua kwa yale niliyoyaona na kuyasikia miaka ile yote kibanda changu kilipokuwa njiani kwake, kati ya soko na mtaa wa Waswahili kule chini karibu na ziwa. Alikuwa mjane. Binti yake mmoja alikuwa mwalimu Nyanza-Lac, mji ulio kusini yetu, na nyumbani aliishi yeye na makopo yake ya rangi.

Kitu cha kwanza alichonicheka ni lugha yangu. Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania, Kiswahili nilikisoma darasani, na nilipoongea alinitazama kama mtu anayetazama shati jipya.

"Chako kimepigwa pasi," aliniambia. "Changu miye nakivaa hivihivi kimekunjamana."

Wiki chache baada ya kuchukua zile simu, aliniita nyumbani kwake nikaangalie magamba. Uani, kwenye kipande kikubwa cha ubao kilichoegemezwa ukutani, alikuwepo samaki, sangala mrefu kama mlango. Mwili wake wote ulikuwa vile vibao vya kijani vya ndani ya simu, vyenye vijia vya shaba na nukta za risasi ya kulehemu, vimekatwa kwa mkasi wa bati na kupangwa kimoja juu ya kingine. Maji ya ziwa aliyapaka kwa brashi kuzunguka, bluu ikiingia ndani ya kijani, hivi kwamba vibao vile vilionekana vimelowa. Vibonye vya simu za zamani vilikuwa kundi la ndagala, dagaa wa kwetu, linalokimbia mbele ya mdomo wa sangala. Mimi vitu vile navishika kila siku, nilikuwa sijawahi kuona kwamba ni vizuri.

Jirani yake mmoja, kapita, kiongozi wa timu ya wavuvi, mtu mwenye sauti ya kuvuta wavu, naye alikuja kuangalia. Alisimama mbele ya ubao mikono kiunoni.

"Huyu akiingia mu wavu wangu namurudisha," akasema mwishowe.

"Kwa nini?"

"Atawapigia simu wenzake kwamba tunakuja."

Mama Mchoraji alilipenda jibu lile kuliko sifa yoyote aliyowahi kupewa. Kila mgeni aliyefika kumwona yule sangala alisimuliwa neno la kapita kwanza, picha baadaye.

Kazi yake hakuianza na simu. Zamani aliandika majina ya mitumbwi, akachora mabango ya wauza nyama na vinyozi, na zaidi ya yote alichora sura za watu. Familia zilimwendea na kitambulisho cha marehemu, picha ndogo iliyofifia, naye akaikuza ubaoni ikawa mtu mzima mwenye afya. Kisha zikaja simu zenye kamera, na kila mtu akawa na sura yake mfukoni. Wateja walikatika kama mvua ya mwisho wa msimu. Nilimuuliza siku moja kama hilo halikumuuma.

"Liliniuma kidogo," alisema. "Halafu nikasema, bon, simu imenichukulia sura za watu, nami nitachukua sura yake."

Na kweli aliichukua. Alikuwa anakuja kukaa kwenye benchi langu pamoja na wateja, hana shughuli yoyote, anaangalia tu vile watu wanavyokaa na simu. Alijua kwamba anayesoma habari mbaya huinua mabega kabla hajainua uso. Alijua kwamba mtu anayeongea na mpenzi wake huchora ardhi kwa kidole cha mguu. Wakati mwingine nilikuwa namaliza kumtengenezea mteja, na kabla hajaondoka Mama Mchoraji anamwomba, "Mwanangu, simama tena vile ulikuwa unasimama," na mteja, hata kama ni askari, anasimama.

Kutoka benchi lile alitoa picha ninayoipenda kuliko zote: wauzaji wa samaki wa mukeke sokoni jioni, wamekaa mbele ya mabeseni yao, kila mmoja ameinamia simu, mwanga mweupe unawapanda kidevuni na kwenye mashavu. Nyuma yao ziwa lote limelala na milima ya Kongo imewekwa kwa mstari mmoja wa zambarau. Mwalimu wa lise, shule yetu ya sekondari, aliyeiona alisikitika sana. Alisema picha ile inaonyesha jinsi mashine zinavyoua asili, watu wameligeuzia ziwa mgongo.

"Hapana, mwalimu," Mama Mchoraji akamjibu. "Angalia ule mwanga mu nyuso zao. Si uko sawa na ule wa ziwa? Miye nachora vile vitu viwili vinakaa nyumba moja."

"Lakini vinagombana, mama."

"Vinagombana sana. Na asubuhi vinapika pamoja."

Mwalimu alicheka, na wiki iliyofuata akamletea kalkuleta mbovu za shuleni, mfuko mzima. Zikawa mamba.

Sitaki mtu adhani alikuwa mtulivu. Kwenye rangi alikuwa mgomvi. Aliweza kumsimamisha mwanamke barabarani, ashike ukingo wa kitenge chake, aanze kulalamika kwamba kiwanda kimeweka kijani mahali pa manjano. Brashi zake hakumwazima mtu, hata mimi niliyempa maboksi na maboksi ya simu. Siku moja nilichukua brashi kuukuu nifutie vumbi kwenye spika ya simu, akanipokonya kana kwamba nimeshika mswaki wake. Lakini chakula chake hakikuwa na mwenyewe. Aliyepita alikula. Na swala ikiingia aliacha brashi ndani ya kopo la maji, hata kama mkono ulikuwa katikati ya wingu. "Ikauke kwanza," alisema, "Mungu naye afanye sehemu yake."

Kuna mambo aliyojaribu yakamshinda, na hayo aliyasimulia kwa furaha kubwa kuliko yaliyofaulu. Maarufu ni habari ya mawese. Mashamba ya michikichi yanatuzunguka, mafuta yanakamuliwa kila mahali, na yeye alikuwa na hasira ya miaka kwamba ile rangi ya mawese mabichi, nyekundu inayoelekea machungwa, haipatikani katika kopo lolote la dukani. Basi akachanganya mawese yenyewe na rangi ya mafuta, akachora jua linazama nyuma ya Kongo. Kwa saa chache lilikuwa jua ambalo hatujawahi kuliona kwenye ubao. Lakini halikukauka. Wiki ikapita, mwezi ukapita, jua bado bichi. Wakaja sisimizi, msafara mzima, wakapanda ubao mpaka katikati ya jua. Wakaja nzi wakanasa. Nilimwambia atupe.

"Nitupe kwa nini? Wewe hukuja kuangalia? Nao wamekuja kuangalia."

Ubao ule ulikaa uani mpaka kuku walipoumaliza.

Jambo lililowashangaza wote ni kwamba yeye mwenyewe hakutumia simu. Mwanamke aliyekuwa na maiti za simu nyingi kuliko mtu yeyote mkoani hakuwa na moja iliyo hai. Akitaka kuongea na binti yake alikuja kwangu, akaishika simu yangu mbali na sikio, akapaza sauti kama anayeita mtumbwi ulio katikati ya ziwa. Binti alichoka, akamtumia simu nzuri ya kioo, mpya. Mama Mchoraji aliniletea siku hiyohiyo ikiwa bado ndani ya karatasi zake.

"Fundi, hii itakufa lini?"

"Mama, ndiyo kwanza imezaliwa."

"Ah. Basi nitangojea."

Aliitundika ukutani bila kuiwasha, kwenye msumari, kwa sababu kile kioo cheusi kilishika kivuli cha mchikichi wa nje vizuri kuliko kioo cha kawaida. Binti alipokuja likizo akaikuta pale, walinuniana siku mbili.

Sasa nieleze habari ya ukuta, maana wengi nje ya Rumonge wanamjua kwa huo tu.

Kampuni moja ya simu ilifungua tawi kwenye barabara kubwa, nyumba ndefu yenye ukuta wa pembeni usio na dirisha hata moja. Meneja wa tawi, kijana kutoka Bujumbura, mpole, shati limechomekwa, alimwomba Mama Mchoraji apambe ukuta ule. Alitaka watu wanaocheka wakiwa na simu masikioni. Mama Mchoraji alikubali kabla hajamaliza kuongea. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi kwenye mbao, milango na mbavu za mitumbwi. Ukuta mkubwa hivyo alikuwa anauona katika ndoto tu.

Alijenga jukwaa la miti, akatundika mashuka kuzuia jua, na watu walikatazwa kuchungulia. Alipoyashusha mashuka, nilifunga kibanda nikaenda. Kulikuwa na kundi kubwa, na meneja yuko mbele, amekunja mikono.

Kutoka chini hadi juu ya ukuta ilipanda antena, ile ya kwenye kilima juu ya mji, chuma kwa chuma, ikipita katikati ya michikichi. Juu kabisa palikuwa na kiota, na kutoka kwenye kiota mwewe alikuwa amekunjua mabawa akafunika upana wote wa ukuta. Watu na simu zao walikuwepo. Walikuwa chini, kwenye mguu wa antena, wadogo kama ndagala, na wote walikuwa wanacheka.

"Mama," meneja akasema, "niliomba watu."

"Si hawa hapa? Wanacheka kabisa."

"Na huyu ndege?"

"Huyu ni mwenye nyumba. Anakaa kwa antene yenu. Hujamuona?"

Meneja hakuwahi kupanda kile kilima. Alitazama ukuta, akatazama kundi la watu, akasema kwa sauti ndogo kwamba wakubwa wake wataona kampuni imeanza kuuza kuku. Akampa mpaka Jumatatu. Kama mwewe hatakuwa ametoka, ukuta utapakwa chokaa.

Jioni ile alikuja kibandani, akakaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza hakuangalia mtu yeyote. Nilimletea chai. Aliishika bila kunywa.

"Ningeweza kumutoa," alisema. "Nimupake bluu, basi. Lakini nitakuwa nadanganya ukuta mukubwa hivi. Nilipanda pale, fundi. Nilimuona. Anabeba vipande vya nyavu ya wavuvi anajengea."

"Mwambie hivyo."

"Hataamini. Kesho namupeleka aone kwa macho. Na weye utatusindikiza, kwa sababu miye peke yangu ataona ni muzee anabembeleza tu."

Ndivyo tulivyopanda kilima Jumamosi asubuhi, sisi watatu, yeye mbele na kanga yake imefungwa kiunoni, meneja nyuma na viatu vyake vya ofisini vikijaa udongo. Tulipofika, tulimkuta fundi wa antena amefika kabla yetu, amevaa mikanda ya kupandia, na gunia liko chini. Alimsalimu meneja, amahoro, amahoro, akaeleza kwamba ametumwa kutoka makao makuu kusafisha mnara. Kulikuwa na takataka juu.

"Takataka gani?" meneja akauliza, ingawa alishaelewa.

Mwewe ndiye aliyejibu. Alishuka kutoka upande wa jua, sisi hatukumwona, tulisikia tu upepo, na kofia ya meneja yenye alama ya kampuni ikaruka ikaangukia kwenye majani. Sote tuliinama, isipokuwa Mama Mchoraji. Yeye aliinua uso.

"Ana watoto," akasema. "Bila watoto hangefanya vile."

Fundi wa antena alikuwa mtu mwema. Alisema atapanda kwanza bila gunia, aangalie. Alipanda polepole, mkono mmoja juu ya kichwa, mwewe akimzunguka akilia, akafika karibu na kiota, akanyoosha simu yake juu, kisha akashuka na video. Tukakusanyika kuitazama vichwa vimegusana. Vifaranga viwili, vimejaa manyoya meupe kama pamba, midomo wazi. Vimelalia vijiti, vipande vya wavu wa bluu, na utepe mrefu unaong'aa ambao meneja aliutambua mara moja. Ulikuwa utepe wa sherehe ya kufungua tawi lake.

Alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani pamoja na shati lake zuri.

Mama Mchoraji hakucheka. Alikuwa ameichukua simu ya fundi kwa mikono miwili na anairudia video tena na tena. Ilibidi nimwonyeshe mahali pa kubonyeza.

"Simu imefika mahali macho yangu hayafiki," aliniambia taratibu. "Fundi, uliniona nimechora kiota kitupu? Nilikuwa nabahatisha."

Meneja alimuuliza fundi wa antena vifaranga huchukua muda gani kuruka. Fundi akasema hawakawii, wakishaota mabawa wanaondoka. "Basi urudi wakiondoka," meneja akasema, akijipangusa udongo. "Makao makuu nitawaambia mvua ilikuzuia." Halafu akamgeukia Mama Mchoraji. "Ndege abaki. Lakini, mama, niongezee numero yetu ya huduma. Na iwe kubwa."

Jumatatu alikuwa juu ya jukwaa tangu alfajiri. Numero aliiweka chini ya bawa, kubwa kama alivyoombwa, na ndani ya kiota akaongeza midomo miwili iliyo wazi. Baadaye wakubwa walikuja kutoka Bujumbura, na nasikia hawakufurahi. Lakini wakati huo madereva na abiria walishazoea kusema "unishushie kwa mwewe", na mtu akitaka kusajili laini alielekezwa kwa mwewe. Wakubwa wakapiga picha mbele ya ukuta, wakarudi zao. Vifaranga waliruka salama. Kiota kilitolewa, na msimu uliofuata mwewe akajenga kingine palepale.

Miaka iliyofuata ziwa lilianza kupanda. Hii habari kila mtu wa pwani yetu anaijua kwa maumivu yake mwenyewe. Maji hayakuja kwa kishindo, yalisogea mvua hadi mvua, yakala ufuko, yakala mabanda ya kuanikia ndagala, yakaingia mitaa ya chini. Wakati huo Mama Mchoraji alizidi kuchora. Alichora nyaya za umeme zinazopita sentimita chache juu ya maji, na kingfisha amekaa juu yake, yule ndege mweusi na mweupe mla samaki, anaangalia chini kwenye sebule ya mtu. Tulimwambia ahame. Akasema bado, hajamaliza na ndege.

Siku maji yalipoingia uani kwake, kapita alileta mtumbwi mpaka mlangoni. Nilikwenda kusaidia. Tulipakia mbao zote, sangala mbele akiwa amefunikwa shuka, mamba wa kalkuleta katikati, makopo nyuma. Kisha kapita akamnyooshea mkono mwenyewe, naye akarudi nyuma hatua.

Ndipo tulipogundua. Mwanamke aliyeandika majina na kuchora macho ya karibu mitumbwi yote ya Rumonge na mingi ya mji jirani wa Magara hakuwahi kupanda mtumbwi hata mara moja. Aliogopa maji.

"Nitatembea," alisema.

"Utatembea wapi, mama?" kapita akamwambia. "Njia iko chini ya ziwa. Njoo, ukae, ufunge macho. Miye sijawahi kumuangusha mutu."

Akapanda. Alikaa katikati, amefumba macho, vidole vimeng'ang'ania ukingo mpaka vikapoteza rangi, anasoma dua. Kapita akapiga kasia taratibu kuliko nilivyowahi kumwona. Tulipopita kona ya nyumba ya mwisho, nikasikia dua imekatika. Alikuwa amefumbua macho. Anaangalia mbao za ndani za mtumbwi, kavu, zimepauka, zimejaa magamba ya zamani.

"Kapita."

"Mama."

"Jina la huu mutumbwi liko wapi?"

"Si uliliandika nje?"

"Na ule samaki nilichora, na lile jua?"

"Viko nje vyote."

"Kumbe ninyi mnaokaa humu hamuoni kitu," akasema. "Miaka yote nachorea watu wa inchi kavu."

Alihamia chumba nyuma ya kibanda changu, na mara alipopata mahali pa kuweka makopo alianza kuchora ndani ya mitumbwi. Wavuvi waliona ni ajabu, kisha wakaanza kugombania zamu. Kwa kila mtumbwi aliwauliza wenyewe wanataka kuona nini wakiwa kazini. Wengine walitaka watoto wao. Mmoja alitaka pikipiki. Timu moja, wanaotumia zile taa mpya za batri zinazochajiwa na jua, waliomba jua lenyewe, mahali pa kuweka miguu. Kapita alitaka shamba la mama yake, migomba na kisima, na siku alipoona limekamilika alivua kofia akakaa ndani ya mtumbwi pale mchangani, mtumbwi hauko hata majini. Mama Mchoraji alipanda mtumbwi tena mara nyingi baada ya hapo, anachora huku umefungwa ufukweni, na woga haukumwisha. Aliufanyia kazi hivyohivyo.

Halafu mkono wake wa kulia ulilegea. Aliamka asubuhi haushiki kopo. Hospitali walisema ni kiharusi, wakamsaidia kwa kadiri yao, mdomo ukarudi sawa, mguu ukarudi, mkono ukabaki nusu. Binti yake alikuja kumchukua. Mama Mchoraji alinikabidhi sangala, akasema akae kwangu mpaka yeye apone, na nilijua hategemei kurudi.

Nilikwenda Nyanza-Lac kumwona mwaka huu, kiangazi. Nilikaa kwenye basi nikijiandaa kumkuta mgonjwa kitandani, nimebeba matunda, nimetunga maneno ya kumfariji. Nilimkuta uani, kwenye mkeka, ana rangi hadi kwenye nyusi.

"Fundi wa Kiswahili cha pasi," alisema. "Karibu. Umenenepa."

Alikuwa anachora kwa mkono wa kushoto. Karatasi zilikuwa zimetapakaa kote, mistari imepinda, nyumba zimelalia upande, ziwa limemwagika nje ya ukingo. Aliona ninavyoziangalia.

"Mbaya, eh? Ule wa kuume ulikuwa na akili nyingi. Huu ni mutoto, hajui kitu. Anashangaa kila kitu." Akaupiga busu mkono wa kushoto, akacheka. "Jana amechora mbuzi. Binti yangu akasema ni meza. Nikasema, sawa, iwe meza."

Tulikula ndagala na ugali wa muhogo. Nilimpa habari za Rumonge, za kapita, za mwewe. Binti yake alipoona nimekuja na vifaa vyangu aliniomba niangalie simu yake iliyokuwa haichaji. Nikakaa mkekani, nikaifungua, nikapanga skrubu zake kwenye kifuniko cha chupa. Ndogo kama mbegu za mchicha. Nikashika kibao kwa koleo, mkono wa pili nikaanza kusafisha mahali pa chaji.

"Kaa hivyo," Mama Mchoraji akasema.

Nikainua macho. Alikuwa amevuta ubao mapajani, brashi iko mkono wa kushoto. Katika miaka yote ile hakuwahi kunichora. Alikuwa amechora askari, wauza samaki, mamba, mwewe na mbuzi, na mimi nilikuwa mtu wa kumpa magamba. Nikakaa. Brashi ilianza kutembea, inasita, inakwenda tena, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

Simu yangu ikaanza kulia. Ilikuwa kwenye mkeka kando ya goti langu, na niliona jina. Ni dereva wa basi la mwisho la kurudi Rumonge, alikuwa ameniahidi kunipigia akiwa anaondoka. Nikataka kuweka koleo chini.

"Usisogee," alisema. "Acha ilie. Umefanya uso ambao sijapata kuuona kwako."

"Mama, ni basi langu."

"Najua. Ndiyo uso wenyewe."

Nikabaki vilevile, koleo mkononi, skrubu mbele yangu. Ililia ikanyamaza, ikalia tena, mwanga wake ukinipanda kwenye mkono, na yeye akachovya brashi haraka katika kopo la njano kabla mwanga haujaisha. Nje ya ua, kule barabarani, nilisikia basi likipiga honi mara moja na kuondoka. Mama Mchoraji alikuwa anatabasamu kwenye ubao, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

Nililala Nyanza-Lac.